Mita Mbili za Bafta

Nyololo, Mufindi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kama mtoto aliyelelewa, kabla sijaanza kukuudhi. Goti lako linasemaje na baridi hii? Kaka Asajile aliniambia sasa unapanda ngazi za kanisani kwa kushikwa mkono, nikahuzunika, maana wewe ndiye uliyekuwa ukitupita sote mlimani na gunia la viazi kichwani huku unatusimanga. Na viazi vya shamba la chini, ule ugonjwa wa majani umeviacha? Sisi huku wote watatu ni wazima. Nimeandika watatu, Mama. Ukitaka rudia kusoma hapo.

Barua hii anakuletea Shangazi Tumpe mwenyewe, mkono kwa mkono. Usimpe Asajile akusomee. Vaa miwani yako, kaa pale mlangoni penye mwanga, usome mpaka mwisho. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tumeshindwana. Nikianza tu kueleza, unasema, "Haya, tunamwomba Mungu," halafu simu unampa Asajile, naye ananiuliza bei ya mbao.

Kuna neno limenikaa kooni miezi minne hii. Tangu mwanangu azaliwe hujaniuliza hata mara moja, "Mtoto hajambo?" Unauliza, "Hali hiyo inaendeleaje?" Na siku moja ukauliza, "Na hicho, bado kipo?" Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali kule Iringa, nimekifunga hicho kifuani, nasikia moyo wake unavyokimbia juu ya wangu. Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Sasa nakusimulia mwenyewe tangu mwanzo, maana yaliyokufikia yamepita midomo mingi.

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba Yustina alipoanza kuvimba miguu. Wanawake wa hapa wakasema ni dalili ya mtoto wa kiume mzito. Na mimi, mpumbavu mwenzao, nikafurahi. Asubuhi moja alikuwa anachochea uji, akasema kichwa kinapasuka na anaona vimulimuli. Kabla sijamuuliza vimulimuli gani, alianguka pale pale jikoni, meno yamebana, mwili unatetemeka. Kuna jirani akaanza kusema habari za mizimu ya ukoo. Nikamwambia kama mizimu inajua kuendesha gari iwashe. Kituo cha afya wakamchoma sindano, gari la wagonjwa likatupeleka Iringa, na huko daktari akaniambia jina la kitu chenyewe: kifafa cha mimba. Akasema mama atapona mtoto akitolewa, na atolewe leo. Nikaweka sahihi.

Pale nje nilipokuwa nasubiri, wamama wawili wakaniuliza mimba ina miezi mingapi. Nikasema saba. Mmoja akasema, "Afadhali! Wa saba huwa anaishi, wa nane ndiyo haishi." Mwenzake akasema hapana, kaka yake ni wa miezi nane na ana ng'ombe kumi. Wakabishana kama watu wanaobishania mpira, na mimi nimekaa katikati yao na viatu vya mke wangu mkononi.

Wakaja kuniita. Kilo moja na gramu mia moja na hamsini. Nitakuambia ukweli wote, hata ule unaonitia aibu. Nilipomwona nilitishika. Alikuwa mwekundu, ngozi inaonyesha mishipa, ana nywele mabegani, sikio likikunjwa linabaki limekunjwa. Nilimtazama nikatafuta mahali pa kuanza kumpenda sikupaona. Halafu akapiga mwayo. Mwayo mzima, wa mdomo wote, kama mzee aliyechoshwa na kikao. Nikajisemea, huyu ni mtu.

Kosa nililofanya ni kukupigia simu na kukutajia uzito. Wewe ni mtu wa mzani, Mama, maisha yako yote umepima viazi, kilo moja unaijua kwa kuinua mkono tu. Ulisema maneno mawili. La kwanza, "Mpe pole mkwe wangu." La pili, "Jina la baba yako usiliguse."

Na ni wewe uliyekuwa umelitoa! Mimba ilipotimiza miezi mitano ulisema akizaliwa wa kiume ni Gwamaka, baba karudi, na ukawa unaliita tumbo la Yustina "mzee." Uliagiza mzee asiendeshwe kwenye pikipiki. Mzani ukasema kilo moja, mzee akavuliwa jina. Najua sababu unayoitoa, sote tumekua nayo: jina la marehemu anapewa atakayelibeba, na akifa nalo akiwa mchanga limezikwa, hakuna tena kwenye ukoo wa kuliokota. Kwa hiyo mwanangu akakaa hivyo. Kwenye kadi waliandika "Mtoto wa Yustina."

Yustina mwenyewe alikuwa hajitambui. Siku tatu hakujua kama amejifungua. Mashine za joto zilikuwa na watoto wengine wenye hali mbaya zaidi, na huyu alitakiwa abebwe ngozi kwa ngozi, kutwa kucha, asipoteze joto. Muuguzi wa pale, Sista Adelina, mama wa Kihehe mwenye sauti ya kuitia watu mashambani, akauliza, "Haya, nani atambeba?" Nikageuka nyuma kutafuta mwanamke.

"Wewe unayeangalia nyuma," akasema. "Ndiyo wewe."

Alinipeleka bombani nikasugua kifua mpaka vumbi la mbao na harufu ya dizeli vikaisha, akanikagua kucha, akanirudisha mara mbili. Halafu akamlaza juu yangu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa upande, akatufunga kwa khanga na kunivalisha shati juu. Mama, ana uzito wa kuku wa kienyeji aliyenyonyolewa. Nilikaa saa nne sijasogea. Niliogopa hata kumeza mate.

Wamama wa wodi walicheka mpaka wengine wakashika mishono yao. "Kamwene," wakanisalimu, "Baba Kangaruu! Maziwa yanatoka?" Mwenzangu wa kwenye mashine ya mbao alikuja kunijulia hali, akaniona, akarudi na habari, na mpaka leo hapa Nyololo kuna watu hawajui jina langu jingine. Waache waite. Kifua hiki kimebeba magogo ya watu miaka kumi na moja na hakuna gogo lililowahi kuniegemea likalala. Bosi alinipigia akasema nisiporudi Jumatatu nafasi yangu ina mtu. Nikamwambia magogo yake yanaweza kunisubiri, hayasahau kupumua. Maana huyu alikuwa anasahau. Yuko tu, halafu kimya, midomo inaanza kuwa ya bluu. Sista alinifundisha: usipige kelele, usimtikise, piga unyayo kwa kidole, msugue mgongo, atakumbuka. Siku ya kwanza alisahau mara tano.

Siku ya nne Yustina alifumbua macho. Kitu cha kwanza akashika tumbo. Akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mtoto wangu mmempeleka wapi?" Nilifungua vifungo vya shati.

Siku ya sita akaingia Shangazi Tumpe.

Alikuja na nusu gunia la viazi, maharage, na mkoba wake mweusi wa ibada. Alisalimia wodi nzima "Ugonile," Wahehe wakamjibu "Kamwene," wakacheka pamoja, nikasema afadhali, nimepata mtu wa kwetu. Lakini alikuja kwangu akanishika bega, akasema, "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo. Pole sana."

"Pole ya nini, Shangazi? Mbona sijafiwa?"

Akakaa. Nilimfunulia shati amwone, akatazama dirishani.

Baadaye khanga yangu ililowa, na zile za Yustina zilikuwa kwenye kamba hazijakauka. Nikafungua mkoba wa Shangazi nitafute ya kuazima. Chini ya Biblia na kitabu cha nyimbo nikakuta kitambaa cheupe, bafta, mita mbili, kimekunjwa mara nne, kipya, bado kigumu kwa wanga wa kiwandani na kina harufu ya maduka ya Mbalizi. Mama, mimi ni mtoto wa huko. Najua mwanamke mzee hasafiri na bafta mpya kwa ajili ya kushonea pazia.

"Shangazi, hiki ni cha nani?"

"Kirudishe mwanangu."

"Nakuuliza, cha nani?"

"Mama yako kanipa. Kasema nisije mikono mitupu. Kasema mjukuu wake asije akafunikwa na khanga ya kuazima ugenini."

Nilisema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu wewe ni mzee wa kanisa na Shangazi naye ni mzee wa kanisa, na ameshanisamehe. Nilimpigia kelele mwanamke wa miaka sabini mbele ya watu, na mtoto kifuani. Sista Adelina akaja kama radi.

"Kama ni kikao cha ukoo kafanyieni nje! Hapa watoto wanalala." Halafu akakichukua kile kitambaa mkononi mwangu, akakivuta, akakipima kwa vidole. "Mbona hiki kizuri? Pamba tupu. Kinashika kuliko hiyo khanga inayoteleza. Kina wanga tu, kifueni kwanza."

Shangazi akasimama. "Sista, hicho siyo cha aliye hai."

"Bibi," akasema Sista, "huku kwetu nguo ni ya yule aliyeivaa."

Sijui kama alijua. Nadhani alijua. Nilikwenda mwenyewe uani nikakifua, nikakisuuza maji matatu, nikakianika kwenye kamba katikati ya nepi za watu, juani, kila mtu akione. Shangazi alikaa kwenye benchi ya nje kutwa nzima akiniangalia kama mtu anayeangalia mwingine anachezea kaburi. Kilipokauka nikarudi ndani, nikamfunga nacho mwanangu. Kilishika vizuri sana.

Kesho yake presha ya Yustina ilipanda tena, wakaniita wodini kwake haraka. Nikamfungua mtoto, sijui nimpe nani. Sista akamgeukia Shangazi. "Bibi, fungua blauzi."

"Mimi?"

"Una ngozi? Ina joto? Basi."

Yaliyofuata sikuwepo, nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na yanalingana. Shangazi alifungwa mtoto kifuani kwa ile ile bafta aliyoileta. Alikaa wima kama kwenye picha ya harusi, mikono juu ya magoti, hataki hata kumgusa. Baada ya muda akahisi kifua chake kimekuwa kizito kwa namna nyingine. Kuangalia, mtoto kanyamaza. Akapiga unyayo kama alivyoniona nikifanya. Kimya. Akapiga tena. Kimya, na midomo inabadilika. Ndipo Shangazi, ambaye hajapaza sauti hospitalini maisha yake yote, akapiga unyayo mara ya tatu, pamoja na ukelele uliosikika mpaka getini:

"Gwamaka! We Gwamaka! Unaniacha tena?"

Hivyo ndivyo alivyomwita Baba siku ile alipokata roho, unakumbuka, ulikuwepo. Sista alikuja mbio na kifaa cha kupulizia hewa, akakuta mtoto analia. Analia kwa hasira, wanasema, sauti kubwa kuliko mwili. Sista anasema ni ule unyayo, ile mara ya tatu ndiyo iliyofanya kazi. Shangazi hasemi ni nini. Mimi sibishani na yeyote.

Niliporudi nilimkuta amemkumbatia kwa mikono yote miwili, machozi yanadondokea bafta. "Nisamehe," akaniambia. "Limenitoka."

"Nini kimekutoka?"

"Jina. Nimeshamwita. Hata sikukusudia."

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka Sista akanionyesha mlango. Maana wewe unajua na mimi najua: jina la ndugu wa kiume ni dada yake analolitoa, na likishatoka mdomoni kwa shangazi kwenda kwa mtoto, hata kikao cha wazee wote wa Mbeya hakilirudishi. Umemtuma mtu azike, yeye akabatiza. Saa hiyo hiyo nilikwenda na kalamu, wakakata "Mtoto wa Yustina," wakaandika Gwamaka kwa wino wa bluu. Yustina alipopata nafuu nikamwambia. Yeye, kwa heshima, hawezi kutamka jina la mkwewe hivi hivi, kwa hiyo anamwita Baba Mkwe. Utamsikia: "Baba Mkwe, umejichafua tena?"

Usidhani tangu hapo mambo yalikuwa mteremko. Alipungua kwanza, akafika kilo moja kasoro kidogo, na kila asubuhi nilikuwa nauchukia ule mzani kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Akageuka manjano, akalazwa chini ya taa siku tatu amefungwa macho. Maziwa yalikuwa yanapita kwenye mpira wa puani, tone tone, Yustina anakamua huku analia kwa sababu yanatoka kidogo. Vitanda viwili jirani vilibaki vitupu, na wale mama waliondoka na vitenge vyao wamevikunja. Sisemi kwamba mimi nilipenda zaidi yao. Najua siyo hivyo.

Halafu akaongeza gramu kumi. Kesho yake ishirini. Nikamkumbuka mtu mmoja mkali aliyenifundisha kuchagua viazi: vikubwa vya sokoni, vya kati vya kula, na vile vidogo weka pembeni. Nilikuwa na miaka sita, nikataka kuvichoma vile vidogo kwenye majivu, ukanipiga mkono. "Acha hivyo! Ndivyo vya mwaka kesho." Nilimsimulia Sista, akapenda, sasa anawaambia akina mama wapya kana kwamba ni maneno yake. Wewe mwenyewe uliyasahau.

Wiki ya saba tukaruhusiwa na kilo moja na gramu mia nane. Hapa Nyololo unajua palivyo, ukungu mpaka saa nne asubuhi, na walitukataza jiko la mkaa chumbani. Niliziba kuta kwa mabanzi, katikati nikajaza vumbi la mbao, chumba kikawa na joto kama tumbo la ng'ombe. Tulimbeba kwa zamu watu watatu, Shangazi akiwa mkali kuliko Sista. Mtu akiingia hajanawa anarudishwa mlangoni, hata mchungaji alirudishwa. Bosi alinipigia mwenyewe nirudi. Yule aliyemchukua badala yangu alikuwa anapasua mbao kama anayekata mkate.

Sasa ana kilo nne na robo. Analia akitaka, ananyonya mpaka anatoka jasho puani, na tangu wiki iliyopita anatabasamu. Kliniki wanasema atachelewa kidogo kukaa na kutambaa, tumhesabie tangu siku aliyotakiwa kuzaliwa, na tusikose tarehe za kupimwa macho. Jirani mmoja akaniambia watoto wa hivi huwa wazito darasani. Nikamwambia mimi nilikamilisha miezi tisa yote na darasa la tatu nikarudia.

Mama, nakuja kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunamenya viazi na Shangazi, nikaanza tena kulalamika juu ya ile bafta. Akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba kabla ya Asajile ulizaa mtoto mwingine. Wa miezi saba, wakati wa baridi kali, nyumbani. Ulimweka kwenye kikapu karibu na moto. Baba yako mzazi, babu yangu, alikuwa mgonjwa, akaomba mtoto aitwe kwa jina lake, ukakubali siku ya tatu. Siku ya tisa akafa. Na wajomba zangu wakasema umelizika jina la mzee wao, wakakaa miaka bila kukanyaga kwako. Nilimuuliza Shangazi jina lenyewe, akakataa. Alisema hilo ni lako.

Nina miaka thelathini na nne na sikuwahi kujua kwamba mimi ni wa tatu.

Basi nimeielewa bafta. Ulitaka huyu, akiondoka, aondoke na kitambaa chako, siyo na jina ambalo watu watakudai tena. Bado nimekasirika, sitakudanganya, lakini hasira yenyewe imechanganyika na huruma mpaka sijui niishike wapi. Sikiliza ninachokuambia, na usinikatize kwa kuwa huwezi. Mtoto yule hakufa kwa sababu ulimpa jina. Alikufa kwa sababu alikuwa na baridi na hapakuwa na mtu wa kukuambia, "Mtoe kwenye kikapu, mfunge kifuani." Hukukosea. Wajomba ndio waliokosea, na nikikutana na yule aliyebaki nitamwambia mbele ya watu, msibani au harusini, popote nitakapomkuta.

Na hata huyu wangu angekufa, Mama, siku ile ya sita, au ya saba akiwa kwa Shangazi, ningetaka afe ana jina. Ningelizika, ningelilia kwa sauti uani kama anavyoliliwa mtu mzima, na ukoo ungetafuta majina mengine. Siwezi kumwekea mwanangu jina ghalani nikisubiri astahili. Alistahili alipopiga mwayo.

Kwa hiyo sikuandikii kuomba ruhusa. Tunakuja wakati wa kuvuna viazi, wote watatu. Nitamweka mapajani pako, na mimi nitakaa pale kwenye gogo la uani, na sitaondoka wala sitakula mpaka nisikie umemwita. Usimwite "hicho," wala "mtoto wa Lusajo." Mwite jina lake. Unajua nilivyo mbishi, na unajua ubishi huu nimeutoa kwa nani. Na ukishamwita yeye, kama utaweza, nitajie na la kaka yangu.

Nisalimie kaka Asajile na mkewe, waambie mbao alizoniulizia zipo. Msalimie binti yao na mtihani wake. Msalimie mwinjilisti wetu, mwambie maombi yalifika ila simu zake zipungue. Na mama mkubwa wa Mbalizi mwenye genge, najua ndiye aliyekuchagulia kitambaa, mwambie alichagua kitu imara. Yustina anakuamkia kwa magoti yote mawili na anakutumia majani ya chai na asali. Umpokee Shangazi vizuri. Ametoka kazini.

Amekaa hapo mbele yako sasa, najua, anajifanya haangalii unavyosoma. Mwambie afungue mkoba mweusi. Bafta yako inarudi, nimekata kipande kidogo tu nibaki nacho. Imefuliwa mpaka imekuwa laini, na katikati ina doa la maziwa ambalo Yustina amelisugua kwa kila sabuni limekataa. Usiirudishe sandukuni. Itandike kitandani kwako, upande wa ukutani, kwa sababu ndipo atakapolala.

Mwanao,
Lusajo
Baba Gwamaka